Ufa wa Mashini ya Mkia

Silinda ilipasuka mchana wa Alhamisi mbele ya watu wapatao thelathini, na kila mmoja aliondoka pale na maelezo yake. Mimi nilikuwa kwenye mchanga wa Rumonge, suruali nimeikunja hadi magotini, nikimngoja shemeji yangu, mume wa dada yangu, alete boti la daktari kutoka kusini. Mlio wenyewe niliusikia. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayevunja kijiti kikavu kwa vidole viwili.

Miaka ile Wajerumani ndio walioishika nchi, na ufuo wetu wote ulikuwa chini ya amri za malale. Vichaka vya kando ya maji vilifyekwa ili mbung'o wakose kivuli, wagonjwa walipelekwa kambini, na daktari mmoja alizunguka kati ya Nyanza na Rumonge akipapasa shingo za watu kutafuta tezi. Yeye ndiye aliyekuwa na boti, na nyuma ya boti hilo kulifungwa kitu ambacho sisi tulikiita mashini ya mkia: injini ndogo ya benzini inayoning'inia nje, gurudumu lake zito juu, mabawa yake ya kusukuma maji chini. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa Mzungu mwenzake aliyekuwa anarudi kwao. Shemeji ndiye aliyekuwa nahodha. Alifundishwa kuiwasha, kuizima na kuipaka mafuta, basi. Siku aliyokabidhiwa aliambiwa kwamba ikiharibika kwa uzembe wake atapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na kazi itakuwa imekwisha. Aliyemtangulia alipigwa hivyo hivyo kwa kuangusha sanduku la dawa majini. Alikuwa jirani yetu, na dada yangu ndiye aliyempaka mawese mgongoni mpaka alipoweza kuvaa kanzu. Kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Sasa, kilichotokea. Boti la mbao likifika ufuoni juani, mabaharia wa ziwa letu hulimwagia maji. Hawasubiri kuambiwa. Mbao zikikauka ghafla hupasuka, na chombo kilichopasuka ni njaa. Hivyo mtu akikanyaga mchanga tu, kabla hajasalimia mtu, huchukua kata ya kukumbia maji na kulirushia boti maji kuanzia mbele mpaka nyuma. Shemeji alifanya hivyo tangu akiwa mtoto, ng'ambo ya ziwa. Siku hiyo majani ya majini yalikuwa yameziba tundu linalovuta maji ya kuipoza injini, naye hakujua. Injini ilikuwa imekimbia muda mrefu bila maji, chuma kina joto la kukausha mate. Akaruka chini. Akachota. Mbele, katikati, nyuma. Kata ya mwisho ikaiangukia mashini.

Ndipo nikausikia ule mlio. Mwanamke mmoja muuza dagaa akasema, "Hiyo kitu imekohoa," watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Aliinama akatazama, akaweka kidole, akakiondoa upesi kwa joto, akatazama tena. Ubavuni mwa silinda, yaani lile bomba nene la chuma ambamo pistoni huenda na kurudi, palikuwa na mstari mweusi wa urefu wa kidole cha shahada, na kando yake maji yalikuwa yakichemka.

Maelezo yalianza papo hapo. Wengine walisema benzini na maji ni maadui tangu kuumbwa. Mmoja alisema ziwa halipendi kelele. Mwingine alisema Wazungu huuziana vitu vibovu kama watu wengine wote. Hili la mwisho nililipenda, lakini sikujua kama ni kweli.

Kujua kama ni kweli ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Nilikuwa na miezi michache tu tangu nirudi kutoka Ujerumani, nilikokaa miaka mitatu katika chuo kikuu. Kazi yangu kule ilikuwa kukaa mbele ya wanafunzi wa Kiswahili ili wasikie jinsi neno linavyotoka kinywani mwa mwenyewe; saa nyingine niliruhusiwa kukaa nyuma ya darasa lolote na kusikiliza. Nilisikiliza habari za metali, za nyota, za sheria. Nilisoma mpaka nikapewa cheti. Nilirudi na sanduku la vitabu, na mazoea ya kuuliza "Umejuaje?" ambayo yalimchosha kila mtu. Dada yangu alisema, "Kabla hujaenda ulikuwa unauliza chakula kiko wapi. Sasa unauliza chakula ni nini."

Alasiri ile tulibeba mashini mpaka uani kwetu tukaiweka juu ya mkeka. Shemeji alikaa mbele yake kama mtu aliyeletewa maiti.

"Muzungu iko wapi sasa?" nilimuuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe cha ng'ambo, ili nimchekeshe kidogo.

"Anakuja kwa miguu. Kijiji kwa kijiji, anaangalia vichaka. Ijumaa ijayo atakuwa hapa." Akahesabu kwa vidole. "Siku nane, shemeji. Siku nane na mugongo wangu bado ni mugongo."

Pamoja na mashini kulikuwa na kijitabu, kimelowa mafuta, ambacho hakuna aliyewahi kumsomea. Nikakisoma. Kilieleza vizuri sana namna ya kuisafisha na kuipaka mafuta. Juu ya silinda iliyopasuka kulikuwa na mistari miwili tu: haitengenezwi, mwenye mashini aagize nyingine kiwandani. Nikamfasiria. Akauliza kiwandani ni wapi. Nikamwambia: barua iende pwani, meli iende Ulaya, silinda irudi kwa meli, ipande gari la moshi, kisha wapagazi au mashua. Nusu mwaka, ukiwa na bahati.

"Kitabu kinasema haitengenezeki?"

"Kinasema haitengenezwi. Na aliyekiandika ndiye anayeuza silinda."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Kumbe hayo masomo yako yana kazi," akasema.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi wa bunduki. Siku hizo hakuwa tena na bunduki. Serikali ilikuwa imezikusanya, naye akabaki na taa, sufuria, makufuli na cherehani za wenye maduka. Lakini vifaa vyake vya zamani alikuwa navyo vyote: tupa za kila ukubwa, keke ya upinde ya kutobolea, na vyuma vya kukatia parafujo ndogo za magobori. Alikuwa mtu mfupi, mwenye ndevu alizozipaka hina, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na chuma kabla ya kuzungumza na mtu.

Tuliifungua mashini hapo kibandani kwake. Silinda ilishikwa na boliti nne tu. Zilipotoka, ilibaki mkononi kama kikombe kizito, wazi upande mmoja, imefungwa upande wa pili. Ukiichungulia unaona kuta mbili: ukuta wa ndani ambamo pistoni hucheza, na ganda la nje, na kati yao nafasi ya maji.

Fundi aliigeuza geuza. "Nani ameua hii?"

"Maji," shemeji akasema.

"Maji hayaui. Mutu ndiye anaua."

"Tumejuaje kama ni maji?" nikauliza.

Fundi akamgeukia shemeji. "Huyu muko naye kila siku?"

"Analala kwangu."

"Pole."

Lakini sikunyamaza. Nilitaka kuona. Fundi alikuwa na mguu wa sufuria ya chuma cha kumimina uliovunjika, wa unene kama ule wa ganda la silinda. Nikamwomba auweke motoni. Ulipokuwa wa moto wa kuunguza tukaumwagia maji ya baridi. Ulilia, ukatoa mvuke, haukupasuka. Tukaurudisha. Mara ya pili haukupasuka. Mara ya tatu fundi mwenyewe ndiye aliyemwaga, kwa hasira, debe zima, na bado haukupasuka.

"Basi sijaiua!" shemeji akasema.

"Hatujui bado," nikasema. "Tunajua tu kwamba maji peke yake si lazima yapasue. Pengine pale palikuwa na kitu kingine."

"Pengine, pengine," fundi akasema. "Ulaya mulikula hiyo pengine na nini? Na mkate?" Hata hivyo nilimwona anaichukua tena silinda na kuitazama upya, karibu sana, mpaka ndevu zikaigusa.

Jambo la kwanza lililotupasa kujua ni kama ukuta wa ndani nao umepasuka. Kama umepasuka, fundi alisema, tuagane, kwa sababu ndani huko moto hupiga kila mara na hakuna kiraka kitakachokaa. Kwa jicho hakuonekana ufa, lakini jicho huona linachotaka. Nikapendekeza tuisimamishe silinda kama kikombe, tuijaze mafuta ya taa, tuweke alama, tufunike kwa kitambaa chenye majivu juu yasikauke kwa hewa, na tungoje. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji hayapiti. Yakishuka, au tundu la maji likilowa, ndani kumepasuka.

Tulingoja tangu asubuhi mpaka alasiri. Shemeji alikwenda kuswali Ijumaa akarudi, akachungulia, akakaa, akasimama. Mafuta hayakushuka hata unywele. Tundu la maji lilikuwa kavu. Nilipitisha kipande cha karatasi kikatoka kama kilivyoingia.

Kisha tukageuza. Tuliyamimina mafuta kwenye ile nafasi ya maji, tukapaka ganda lote la nje chokaa iliyokorogwa kwa maji, na kuiacha ikauke nyeupe. Hili nililiona kule Ulaya, katika karakana ya magari ya moshi: nyufa hujionyesha zenyewe kwenye chokaa. Fundi hakuamini. Alivuta kigoda akakaa mbele ya silinda, mikono kifuani. Polepole mstari ukaanza kujichora kwenye weupe, kijivu, kisha wa kahawia, na ulipofika mahali tulipodhani ndio mwisho wake haukusimama. Uliendelea, ukapinda, ukaenda kujificha chini ya sikio la boliti, lile bega la chuma linaloipokea boliti, pingili nzima ya kidole zaidi ya tulivyouona.

"Eh," fundi akasema taratibu. "Inajificha kama mwizi."

Nakumbuka nilikuwa na furaha kubwa, na nakumbuka pia kwamba shemeji hakuwa nayo. Kwangu ulikuwa ufa mrefu wa kuvutia. Kwake ulikuwa mrefu tu.

Kazi ya fundi ilianza Jumamosi. Kwanza alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa. Nikamuuliza kwa nini. Alisema ufa ukikuta tundu hupumzika. Nikauliza amejuaje. Akasema alifundishwa. Aliyemfundisha alijuaje? Naye alifundishwa. Nikamwambia mahali fulani lazima awepo mtu mmoja ambaye hakufundishwa, aliyejaribu. "Huyo," fundi akasema, "alikuwa kama wewe. Hakuwa na mke."

Tundu la kwanza lilichukua muda. Keke ilizunguka, upinde ukaenda na kurudi, unga wa chuma ukaanguka kijivu juu ya kitambaa. Tundu la pili, lile la chini ya sikio la boliti, lilikuwa kitu kingine. Keke ilizunguka mara chache tu, kisha ikazama ghafla, fundi nusura aangukie kifua.

"Imeingia kama kwenye papai," akasema.

Tulichungulia. Ganda pale halikuwa na unene. Ndani ya chuma chenyewe mlikuwa na shimo la mviringo, laini, la ukubwa wa punje ya mtama, na kilichobaki nje yake ni ngozi nyembamba kama ganda la yai. Fundi, aliyewahi kumimina risasi na shaba, alilijua mara moja: chuma kilipomiminwa, hewa ilibaki, na hewa hiyo ikafungika humo tangu siku ile. Ufa haukuishia pale. Ulianzia pale.

Nilichukua nta ya nyuki, nikaibonyeza ndani ya lile shimo, ikatoka na kinundu kidogo, umbo lake halisi. Nilitaka tu kuwa nalo. Nikaiweka dirishani nyumbani, na wakati huo wala sikuwaza kwamba ingeweza kumsaidia mtu yeyote.

Mchana huo na kesho yake fundi alishona ufa kwa shaba. Sina neno jingine. Alikuwa na kipande cha msalaba wa shaba, wa ile misalaba iliyokuwa ikivushwa kutoka Katanga zamani kama fedha, akakikata vijiti, akavifanya parafujo nyembamba. Alitoboa tundu, akaingiza parafujo, akaikata juu. Kisha akatoboa tundu la pili likila nusu ya parafujo ya kwanza, akaingiza nyingine. Na hivyo hivyo mpaka ufa wote ukawa mstari wa macho mekundu yaliyoshikana mabega. Kila alipomaliza moja aliigonga kidogo kwa nyundo ya sonara. Kidogo sana. Alisema chuma cha kumimina ni kama mtu wa heshima. Ukimpiga kwa nguvu hapindi, anavunjika.

Lakini parafujo pekee hazizuii maji, na hapo ndipo dawa ilipoingia. Dawa ilikuwa unga wa chuma uliotoka kwenye tupa, kiberiti cha unga kidogo, na nishadiri, ile chumvi nyeupe ya mafundi inayochoma puani. Vinachanganywa, vinaloweshwa, vinapakwa na kushindiliwa kwenye kila kijitundu. Kisha unaviacha vipate kutu. Kutu hufura, na kufura kwake ndiko kunakoziba. Ilinishangaza sana kwamba kitu ambacho kila mtu hukisugua akiondoe, hapa kilikuwa ndicho kazi yenyewe.

"Na inaloweshwa na nini?" nikauliza.

"Mukojo," fundi akasema.

"Wa nani?"

"Wa mutu asiye na maswali."

Sikuacha hapo. Nilichukua vigae vitatu vya chungu, nikaweka dawa katika kila kimoja: kimoja kwa mkojo, kimoja kwa maji ya ziwa, kimoja kwa maji ya ziwa bila nishadiri. Fundi alisema dawa yataka siku tatu. Nilitaka kujua kwa nini tatu, kwa nini si mbili au tano. Silinda ilipakwa Jumatatu alasiri. Vigae vyangu nilivipaka saa ile ile, na kila siku nilivunja kipande cha kila kimoja na kukikwaruza kwa kucha. Jumanne vyote vilikuwa kama udongo. Jumatano vile viwili vya nishadiri vilikuwa na ganda gumu, lakini ndani bado laini, na kati ya mkojo na maji sikuona tofauti hata kidogo. Kile cha tatu kilikuwa tope tu. Nikampelekea fundi habari hiyo. Alikwaruza vigae vyote viwili, akavinusa, akafikiri. "Miaka yote hiyo," akasema, "nimekuwa nikiwafukuza watu waende nyuma ya nyumba bure."

Jumatano jioni hiyo hiyo muuza dagaa aliyetoka Kigwena alituambia daktari yuko huko tayari, amelala kwa mtwale, chifu wa huko. Hakuwa anasubiri Ijumaa. Angefika asubuhi.

Shemeji alitaka tuifunge mashini na kuijaribu pale pale, tujue moja. Nilimwonyesha kigae: ndani laini. Tukiiwasha sasa, maji yatailainisha dawa na kuitoa yote. Tukingoja mpaka asubuhi, pengine.

"Pengine," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Daktari alifika Alhamisi kabla jua halijawa kali, vumbi mpaka magotini, akaenda moja kwa moja kwenye boti kutazama masanduku yake. Mashini tulikuwa tumeshaifunga alfajiri. Mstari wa shaba ungeweza kuuona ukiwa hatua kumi. Aliinama, akavaa miwani yake nyingine, akapitisha kucha juu ya parafujo moja baada ya nyingine. Shemeji alisimama wima, mikono mapajani. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Nani alifanya hii?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

Shemeji akamtaja fundi. Daktari akauliza ilipasukaje. Shemeji akaanza, akakwama, na daktari akanigeukia mimi. Alijua nilikotoka. Akaniuliza kwa Kijerumani: je, alimwagia maji ya baridi ikiwa ya moto?

Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, si ndefu. Nilijibu kwa mpangilio, kama nilivyozoezwa. Nikasema ndiyo, alimwagia. Nikasema kila nahodha wa ufuo huu humwagia chombo maji anapofika, kwa sababu mbao zikikauka hupasuka, na hakuna aliyemwambia kwamba chuma ni kinyume chake. Nikasema tulijaribu chuma kingine mara tatu kikakataa kupasuka. Kisha nikasema habari za lile shimo la hewa chini ya sikio la boliti, kwamba ufa ulianzia pale, na kwamba shimo hilo lilikuwamo tangu kiwandani.

"Nionyeshe," akasema.

Shimo lilikuwa chini ya parafujo ya mwisho na dawa juu yake. Kulionyesha kulikuwa ni kuibomoa kazi yote. Nikakimbia nyumbani kuchukua nta. Dirishani nilikuta doa la manjano limeganda kwenye ubao: jua la siku nne lilikuwa limeila. Nilirudi mikono mitupu nikamweleza hivyo hivyo. Daktari alivua ile miwani. Hakuonekana amekasirika, alionekana kama mwalimu aliyesikia jibu zuri lisilo na ushahidi. Na haki yake. Ningekuwa yeye, nisingeamini.

Wakati wote huo shemeji alikuwa anatutazama midomo, mara huyu, mara yule.

Daktari akasema ataipima mashini yenyewe. Iende mpaka rasi na kurudi. Ikirudi, ameelewa. Isiporudi, amri ni ile ile. Hili la mwisho alilisema kwa Kiswahili, na shemeji akaitikia "Ndiyo, bwana" kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia.

Fundi tulimwita apande. Alikataa. "Kazi yangu iko chuma," akasema. "Maji ni yenu."

Tulikuwa watatu botini. Shemeji alisafisha tundu la kuvuta maji, akazungusha gurudumu. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili ikapiga chafya. Ya tatu ikashika, na ule mlio wa kupasua masikio ukatoka, na nyuma yetu maji ya kupoza yakaanza kutoka kwenye bomba lake, membamba, ya moto. Daktari alitoa saa, akaishika mkononi. Mimi niliweka macho kwenye mstari wa shaba na sikuyaondoa. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya shemeji, lakini kusema kweli kulikuwa na kitu kingine pamoja na hofu, na sikukipenda: nilitaka sana kuona itakuwaje, vyovyote itakavyokuwa.

Mpaka rasini palikuwa pakavu. Tulipogeuka, kwenye parafujo ya tatu, tone likatokea. Lilikuwa la rangi ya kutu. Lilikua, likaning'inia, likaanguka. Jingine likafuata, polepole. Daktari naye aliliona. Akaligusa kwa kidole, akakiweka ulimini, kama vile alikuwa akipima homa ya mashini. Shemeji hakugeuka kutazama. Alishika usukani, shingo imekakamaa. Nilihesabu pumzi kati ya tone na tone. Zilikuwa tisa, kisha kumi na mbili, kisha nikafika ishirini na tone halikuja. Kutu ilikuwa imelala mahali pake.

Tulipofika, daktari alishuka, akasema neno moja kwangu, "Inatosha," kisha akaamrisha masanduku yapakiwe kwa safari ya kesho. Akaongeza kwamba ataandika barua ya silinda mpya hata hivyo. Akaondoka kwenda kutazama wagonjwa.

Shemeji alibaki amesimama kwenye maji mpaka magotini. "Amesema nini?"

"Amesema inatosha. Kesho unasafiri."

"Na ile nyingine?"

"Hakuna tena."

"Amesema hakuna?"

"Hakusema. Lakini nahodha anayesafiri kesho hapigwi leo."

Alifikiri juu ya hilo, akaenda kumshukuru fundi. Mimi hakunishukuru. Jioni hakula nami. Alichukua sahani yake akakaa upande wa pili wa ua. Dada yangu alinitazama akasema tu, "Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Alisafiri, akarudi baada ya siku nne, na mashini ilikuwa haivuji kabisa. Nilimkuta ufuoni peke yake, ameiinua mashini, anaondoa majani kwenye lile tundu la maji kwa kijiti.

"Siku ile ulimwambia nini?" akauliza bila kuinua kichwa. "Yote."

Nikamwambia yote, kwa mpangilio ule ule.

"Kwa hiyo ulisema nilimwaga maji."

"Ulimwaga, shemeji."

"Najua nilimwaga. Nauliza kama ulisema kwanza, kabla ya habari ya lile shimo."

"Kwanza."

"Na kama angekukata hapo hapo? Asikungoje umalize?"

Sikuwa nimefikiria kwamba anaweza kunikata. Darasani hakuna aliyekukata katikati ya hoja.

"Wewe unapenda kupima," akasema. "Vizuri. Nimeona faida yake. Lakini siku ile ulikuwa unapima na mugongo wangu, na mimi niko pale natazama midomo kama kiziwi." Alitoa jani refu, akalitupa majini. "Nifundishe maneno yao. Siku nyingine nisikie mwenyewe, nijibu mwenyewe."

Nikamuuliza tuanze na neno gani. Nilidhani atasema maji, au chuma, au boti.

Alifikiri huku kijiti kimesimama tunduni. "'Sikujua'," akasema. "Wanasemaje 'sikujua'?"

Nikamwambia. Alilisema akakosea, nikalirudia. Alikosea tena mahali pale pale, kwenye ile sauti ya kupuliza kati ya ulimi na kaakaa ambayo nami ilinichukua mwezi mzima. Akaendelea kulisema peke yake, chini chini, huku akisafisha, mpaka likaanza kukaa.